Mlima wa Kumwonyesha Bosi

Kwanza tulisikia kishindo. Kilikuwa kimoja, kizito, cha kitu kigumu kikikutana na ubao. Mimi na mke wangu tukatazamana juu ya meza ya jikoni tukingoja kilio kifuate. Hakikufuata. Badala yake sauti ndogo ikauliza kutoka koridoni, "Nani kaacha kabati wazi?"

Nilikuwa mimi. Nilitoa fulana asubuhi ile nikasahau kurudisha mlango, na binti yetu akaja mbio akaukuta kwa paji la uso. Ana miaka minne na miezi minne. Jina lake analo, lakini nyumbani tunamwita Bosi, kwa sababu tangu ajue kusema hajawahi kuomba kitu, huagiza. Aliingia jikoni ameweka kiganja juu ya uvimbe, mkono wa pili ukiteleza ukutani, akapanda kwenye kiti na kukaa akingoja ahudumiwe. Mama yake akafungua friza akatoa kijiko. Kijiko hicho kilikaa humo kwa kazi hiyo tu. Akakikandamiza kwenye uvimbe.

Jirani angeona angesema mtoto huyu ni jasiri. Mimi nilijua si ujasiri. Mtoto akijigonga hulia kwa sababu ameshtuka, na wangu alikuwa ameacha kushtuka.

Miezi mitatu kabla ya hapo, daktari wa macho alitukalisha ofisini kwake, akafunga mlango, akatueleza. Ugonjwa ule una jina refu ambalo nimekataa kulijifunza. Alisema kwanza mwanga hafifu wa jioni utamshinda, kisha pembeni patafungwa polepole, kama mapazia mawili yanayovutwa kuelekea katikati. Dawa hakuna. Itachukua miaka, alisema, ila ni mingapi hakuna ajuaye, na mashine ya kupima ukubwa wa anachokiona inataka mtoto anayeweza kutulia, na Bosi alikuwa ameshaipiga teke mara mbili. Katika maelezo yote yale mimi nilidaka neno moja nikaling'ang'ania kwa meno. Miaka.

Juu ya meza, siku ile ya kabati, kulikuwa na orodha ya miji. Mke wangu anafanya kazi katika jiko la shirika la ndege. Hapiki, anapanga. Saa nane kwa siku husimama mbele ya mkanda unaotembea, amevaa kofia ya nailoni, anaweka mkate hapa, siagi pale, uma na kisu upande wa kulia, trei baada ya trei, chakula cha watu wanaokwenda asikokujua. Mwaka huu alitimiza miaka kumi ya kupanga trei. Shirika humpa mfanyakazi wa miaka kumi zawadi moja: kwenda na kurudi popote ndege zake zinapotua, yeye, mwenzi wake na mtoto mmoja. Zawadi hiyo hutumika ndani ya miaka miwili, mara moja basi, na tiketi zenyewe ni za kusubiri. Maana yake unapanda ikiwa abiria wenye tiketi zao wamebakisha viti. Wasipobakisha unabeba begi lako unarudi nyumbani.

Hakuna kati yetu aliyewahi kupanda ndege. Mimi ni mchora mabango. Nimeandika neno "safari" kwenye milango ya maduka ya watu mpaka mkono unalijua wenyewe, lakini mwenyewe sijawahi kwenda mahali ambako siwezi kurudi kwa basi. Tulikubaliana juu ya jambo moja tu: tungekwenda mbali, tena mbali kweli, tumwonyeshe Bosi kitu kikubwa kabla mapazia hayajakutana. Baada ya hapo hatukukubaliana juu ya chochote.

Mke wangu alitaka mji mmoja mtulivu wa pwani. Alikuwa amefikiria mambo ambayo mimi sikuyafikiria: saa kumi na tatu angani, taa zikizimwa watu walale, na mtoto asiyeona gizani akitaka kwenda chooni; masikio yake ndege ikishuka; atatapika au hatatapika; atalala wapi kama viti vyetu havitakuwa pamoja. Mimi nilikuwa na maporomoko ya maji kichwani. Nilikuwa na maghorofa yanayogusa mawingu. Nilimwambia pwani hata hapa kwetu zipo, na hatuwezi kuvuka nusu ya dunia kwenda kumwonyesha Bosi mchanga wa kuchezea. Akanijibu kwamba mimi hata yai nitalichorea kivuli lionekane kubwa. Tukanuniana siku mbili.

Aliyevuruga zaidi ni shemeji, kaka yake mke wangu. Yeye hupakia mizigo uwanja wa ndege, na Jumamosi huja kwetu na njaa yake. Utani wetu hauna kipimo. Yeye huniita Mzee wa Rangi, mimi humwita Mvunja Mabegi. Jumamosi moja alisukuma sahani mbele akasema kwa utulivu kwamba tunajisumbua bure.

"Shem, mtoto wa miaka minne ni ndoo iliyotoboka," alisema. "Mimi nilipelekwa kwa babu nikiwa na umri wake. Siku mbili njiani. Unajua ninachokumbuka? Kiatu changu kimoja, kilichodondoka dirishani. Babu simkumbuki hata sura. Kiatu nakikumbuka mpaka kishikizo."

Tulicheka, hata mimi. Kisha yale maneno yakaniingia kama kibanzi chini ya kucha. Usiku na mchana nikawa nayaona: tunampeleka mwanangu mwisho wa dunia, anaona, tunarudi, na akifika miaka kumi, akiwa gizani, ndani ya kichwa chake kuna kiatu. Kuanzia hapo nikawa na hoja mpya. Tusubiri. Zawadi ina miaka miwili. Akiwa na miaka sita atakuwa anashika mambo, na atakachokiona atabaki nacho.

"Na akifika sita akawa hana cha kuonea?" mke wangu aliuliza.

"Daktari amesema miaka."

"Daktari amesema hajui."

Tulirudi kwa daktari tumuulize yeye. Alivua miwani, akaisugua muda mrefu kuliko ilivyochafuka. Kuhusu kumbukumbu alisema sehemu kubwa ya anachokiona mtoto wa miaka minne hupotea, na hakuna wa kulaumiwa. Kuhusu macho alisema angesema uongo akitutajia mwaka. Uamuzi ni wenu, akamaliza. Nilitoka pale nimevimba, kana kwamba yeye ndiye aliyemnyang'anya mwanangu macho, na njia nzima sikumsemesha mke wangu.

Ni mke wangu aliyesema basi mtoto achague mwenyewe. Nilikubali haraka, na sababu yangu haikuwa safi. Nilijiambia kwamba ikionekana hajali, hiyo ndiyo itakuwa dalili kwamba bado mdogo, na hoja yangu ya kusubiri itasimama. Mke wangu akaleta majarida yanayotolewa kwenye mifuko ya viti vya ndege, yale yenye picha za miji. Bosi aliyafungua, akayaweka karibu na pua, akapekua kwa makini kama karani wa forodha, akachagua tangazo la saa ya mkononi.

Mimi nilipata jibu papo hapo: picha ni ndogo. Kwa mtu wa kazi yangu hakuna jibu jingine. Mteja akija analalamika kwamba duka lake halionekani, namwambia tuongeze herufi. Bado halionekani, tuongeze bango. Katika miaka yangu yote ya brashi sijawahi kumwambia mtu apunguze. Ndivyo nilivyoamua kumtibu mwanangu.

Nilichukua mbao tatu za plaiwudi ndefu kunizidi. Kila siku nikimaliza kazi za watu, nilibaki karakana nikichora mpaka mwanga wa dirishani uishe. Ubao wa kwanza niliujaza mji wa maghorofa, madirisha mia kadhaa, kila moja na mwanga wake. Wa pili maporomoko ya maji, meupe kwa kijani, yanashuka kutoka juu kabisa hadi chini kabisa, na kwa kuwa katikati palibaki tupu kidogo nikatia ndege mmoja wa ukubwa wa kiganja. Wa tatu mlima wa theluji ng'ambo ya ziwa, na mlima huohuo umelala ndani ya maji kichwa chini, na kiboti kimoja chekundu. Wiki mbili. Sijawahi kuchora vile kabla wala baada, na nasema hivyo bila haya. Mwenye duka la funguo ng'ambo ya barabara alikuja kuchungulia, akasimama na chai yake ikapoa mkononi.

Jumamosi asubuhi nilimleta Bosi. Mke wangu alikuwa zamu, angetufuata mchana. Karakana yangu ni nyembamba kama korido: benchi upande huu, makopo ya rangi chini yake, na upande wa pili ukuta, ambapo nilizipanga zile mbao tatu. Kati ya benchi na ukuta kuna hatua nne. Nilimsimamisha hapo, nikawasha taa zote, nikamwambia achague. Atakakotaka yeye ndiko tutakakokwenda.

Aliusogelea mji wa maghorofa. Alitazama kwa muda. "Dirisha," akasema.

Nikamuuliza ameona nini kingine. Akasogeza kichwa kidogo, kama mtu anayetafuta kitu kwa tochi. "Dirisha jingine."

Tukaenda kwenye maporomoko. Akampata yule ndege, akafurahi, akamwekea kidole. Nikamuuliza je, maji ameyaonaje. Akaniuliza maji yapi. Alikuwa amesimama mbele ya maji yanayomzidi kimo mara mbili, kwa upana asioweza kuukumbatia, na ananiuliza maji yapi. Kwenye mlima alisema, "Nyeupe." Nikamuuliza hiyo nyeupe ni nini. Akafikiri. "Rangi ya baba."

Hapa ndipo ninapoona aibu kuendelea. Nilipandisha sauti. Nilimshika mabega nikamgeuza huku na huku, nikamwambia aangalie vizuri, aache mchezo, nimechora wiki mbili, mgongo unaniuma, na yeye ananitajia ndege. Sauti yangu ni kubwa hata nikisalimia. Mle ndani ilirudi kutoka ukutani ikawa mara mbili. Nikasikia kitu kinatiririka. Mkojo ulikuwa unashuka miguuni mwake unaingia kwenye viatu. Hakulia. Alisimama kwenye kile kidimbwi, akaniambia taratibu, kama mtu mzima anayemweleza mtoto:

"Baba, ni kubwa sana. Haziingii."

"Haziingii wapi?"

Akanyoosha kidole akagusa jicho lake.

Kuna jambo moja ambalo mchora mabango hulifanya kabla ya kumwita mteja. Huliegemeza bango nje, huvuka barabara, na kulitazama kutoka ng'ambo ya pili. Ukiwa umeligusa kwa pua hulioni bango. Unaona mistari ya brashi. Nimevuka barabara kwa ajili ya maduka ya nyama, vinyozi, wauza magodoro, watu wanaonisumbua na hata asante hawanipi. Kwa ajili ya mwanangu haikunipitia akilini.

Nilimvua viatu, nikamwosha miguu kwa maji ya bomba, nikamvisha shati langu la akiba, likamfika kwenye vifundo. Nikautoa ubao wa mlima nje nikauegemeza ukutani. Kisha nikambeba kifuani, uso wake ukitazama mbele, nikaanza kurudi kinyumenyume. Kila hatua kadhaa nilisimama nikamuuliza. Pale mlangoni aliona nyeupe tu. Ukingoni mwa barabara aliona nyeupe na bluu. Tukangoja magari yapite, tukavuka, tukarudi nyuma mpaka mgongo wangu ukagusa mlango wa duka la funguo.

"Na sasa?"

Alinyoosha mkono mbele, akafungua vidole viwili, kama anayetaka kukiokota kitu kile kutoka hewani.

"Mlima," akasema. "Na maji. Na kiboti." Akasogeza kichwa kidogo. "Na mlima mwingine umeanguka ndani ya maji, kichwa chini."

Ningeweza kufurahi. Mwenye duka la funguo alifurahi, akampigia makofi. Mimi nilikuwa nimeshaanza kupima, kwa sababu kupima ndiyo kazi yangu, na sikupenda nilichokuwa nakipata. Nilimweka chini, nikapiga magoti mbele yake, nikamwambia atazame pua yangu tu. Nilikuwa na brashi mfukoni yenye ncha nyekundu. Niliileta kutoka ubavuni mwake polepole. Ikapita usawa wa sikio lake. Ikapita shavu. Ikaendelea kuja, na mimi moyoni nasema sasa, sasa, sasa, na mkono wangu ulikuwa karibu kugusa pua yangu mwenyewe aliposema, "Nyekundu."

Nikajaribu upande wa pili. Nikajaribu kutoka juu, kisha kutoka chini. Hakukuwa na miaka. Mapazia yalikuwa yameshakaribia kukutana tangu lini sijui, na mwanangu alikuwa anatembea duniani akichungulia kwenye tundu la ukubwa wa kisosi. Alikuwa amejifunza kutembea nalo, kula nalo, kutuamrisha nalo, na mimi baba yake nilikuwa nabishana mezani juu ya miaka sita.

Mke wangu alitukuta pale, kwenye kibaraza cha duka la funguo, bado ana alama ya mpira wa kofia kwenye paji la uso. Alitazama shati langu mwilini mwa mtoto, akautazama ubao ng'ambo ya barabara, kisha akanitazama mimi, na sikuhitaji kumweleza.

"Ulijua?" nikamuuliza.

"Tangu mwezi uliopita. Nikimwekea chakula pembeni mwa sahani anakiacha. Nikikisogeza katikati anakimaliza."

"Ukakaa kimya?"

"Ningekuambia saa ngapi, Baba Bosi? Kila nikifungua mdomo unanijibu miaka."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningejibu. Majibu ya hasira ninayo, sikosi. Alisema kama mtu aliyechoka kubeba ndoo peke yake wakati mwenzake anatembea mbele akiimba. Bosi, ambaye nilidhani hatusikilizi, aliagiza arudishiwe viatu vyake.

Tulichagua palepale, tumesimama. Maghorofa tuliyatoa, kwa sababu mtu huyatazama akiwa chini yake kabisa, na mwanangu angepewa madirisha mawili. Maporomoko nayo tuliyatoa. Ukifika unasimama chini yake, na yeye angempata ndege. Mji wa pwani mke wangu aliufuta mwenyewe. Ulibaki mji ule wa ziwa, ambako unasimama upande huu na mlima uko upande ule, na kati yenu kuna maji mapana ya kutosha. Ulikuwa wa mbali kuliko yote kwenye orodha. Kuhusu kusubiri hakuna aliyefungua mdomo.

Karatasi za safari zilichukua wiki sita. Katika wiki hizo kijiko kilitoka kwenye friza mara nyingi. Mimi nilipaka kingo za milango yote ya nyumbani rangi ya machungwa kali, na makabati, na pembe za meza, mpaka shemeji akasema nyumba imekuwa kama kiwanda cha viberiti. Alisema hivyo halafu hakucheka. Mke wangu alianza kumfundisha Bosi choo cha ndege kwa kumfungia kabatini na taa ndogo: mkono wa kulia kitasa, wa kushoto bomba, geuka, kaa. Walifanya hivyo kila siku baada ya kazi, kama mazoezi ya jeshi. Na mimi nilikuwa na mpango wangu ambao sikumwambia mtu. Nilijua nitambeba vipi nikifika kule, bega gani, niseme nini kwanza na nini baadaye. Niliufanyia mazoezi moyoni nikiwa juu ya ngazi, brashi mkononi.

Siku ya safari ndege ilikuwa ya alasiri. Tulifika uwanjani mapema mno, begi moja kubwa na begi dogo la Bosi mgongoni, tukaandikisha majina kwenye kaunta ya wanaosubiri, tukakaa. Watu wenye tiketi zao walipita mbele yetu na mabegi yao ya magurudumu, familia baada ya familia, watoto wanakimbia bila kushika ukuta wowote. Shemeji alipanda kutoka chini kwa wapakia mizigo, amevaa fulana ya kung'aa. Alimpa Bosi peremende. Kisha akaniinamia akanong'ona kwamba ndege imejaa, shule zimefungwa, nisijipe matumaini sana. Sikumwita Mvunja Mabegi. Nilimshika mkono tu.

Dada wa kaunta alituita baada ya saa mbili. Alikuwa na sauti ya mtu aliyeshasema jambo hilohilo kwa watu wengi. Akasema viti vimepatikana viwili.

Mke wangu akasema basi tutasubiri kesho. Dada akageuza skrini tuone wenyewe: kesho imejaa, keshokutwa imejaa, wiki nzima nyekundu tupu. Likizo ya mke wangu ilikuwa siku kumi. Nikauliza kama mimi na mtoto tunaweza kutangulia. Akatikisa kichwa, zawadi ni ya mfanyakazi, asipopanda mfanyakazi hapandi mtu. Tukiacha leo, tunaandika upya, tunapanga foleni ya likizo upya, labda mwisho wa mwaka.

Nilifungua kinywa kupambana, na nilikuwa na maneno, tena mazuri, ya miaka kumi ya trei na mtoto ambaye mwisho wa mwaka hana uhakika nao. Ningeyasema yote na kaunta ingetetemeka. Wakati huohuo Bosi alinyoosha mkono ashike ukingo wa kaunta. Mkono ukapita kando, ukashika hewa, ukarudi, ukapita tena. Dada yule aliona. Mimi niliona kwamba ameona. Nikafunga kinywa.

"Nendeni," nikamwambia mke wangu.

Alinishika kola kwa mikono miwili, mbele ya watu, jambo ambalo halifanyi. Alisema hawezi, kwamba mimi ndiye niliyeujua ule mlima, yeye atamwonyesha nini, yeye ni mtu wa mkate na siagi. Nilimwambia yeye ndiye aliyeanza kuona wakati mimi nimefumba. Akalia kidogo bila sauti, akajifuta kwa kiganja, akaanza kutafuta pasi za kusafiria kwenye mkoba.

Nikapiga magoti mbele ya Bosi, sawasawa, katikati, mahali ambapo angenipata.

"Wewe huendi," akasema. Hakuwa anauliza.

"Siendi. Kiti hakuna."

"Waambie walete."

"Nimewaambia. Hakuna, Bosi."

Alifikiri, peremende ikigonga meno. "Mjomba anasema nitasahau. Anasema mimi ni ndoo."

Nilikuwa sijui kwamba alisikia. Nadhani alikuwa ametusikia wakati wote, mezani, koridoni, nyuma ya milango, tukigombana juu ya kichwa chake kana kwamba anachopoteza ni masikio. Nilitaka kumwambia hatasahau. Ungekuwa uongo, na nilikuwa nimedanganya vya kutosha kwa lile neno moja, miaka. Dada wa kaunta akasema lango linafungwa. Mke wangu alikuwa ameshashika begi. Nikauchukua uso wa mwanangu kwa mikono miwili.

"Ukirudi nitakuuliza uliona nini," nikamwambia. "Mimi sitakuwa nimeona, kwa hiyo itabidi unieleze wewe, na mimi nitasikiliza. Kesho yake nitakuuliza tena. Nitakuuliza ukiwa shule, nitakuuliza ukiwa mkubwa, nitakuuliza siku ambayo huoni hata kidole changu mbele yako, na siku ambayo umenikasirikia hutaki kunijibu. Kila siku, Bosi, nitakuuliza. Nakuahidi."